Kumpoza Mteja

“Mfumo wenu umelala tangu asubuhi, halafu wewe unanichorea viboksi!” dada alifoka, akipiga meza kwa kiganja. “Nijibu!”

Mdogo wake, chaki mkononi mbele ya mlango wa kabati alioufanya ubao, aligeuka. “Samahani sana, mama. Tatizo ni seva ya…”

“Seva ndiyo nini? Mimi mteja, naijulia wapi?” Kisha akacheka, akawa dada tena. “Hapo kazi umeshaikosa, baba. Mpoze kwanza. Aone umemsikia. Ndipo uchore.”

Dada alikuwa mpokea simu za wateja katika kampuni ileile iliyomwita mdogo wake kwenye usaili. Nafasi yenyewe ilikuwa ya uhandisi, lakini uhandisi wa uso kwa uso: kubuni mfumo mbele ya mteja na kumweleza mpaka aridhike. Kuchora alijua. Watu ndio waliomshinda. Tangu amalize chuo, kila mlango aliobisha ulifungwa.

Basi kila alipotoka kazini, sauti imekauka, dada alivaa sura ya mteja. Mteja anayelia. Anayetukana. Anayenyamaza tu. Alimfundisha wanauliza nini, wanapandwa na hasira wapi, neno gani huwashusha.

“Ujuzi wangu wote ndio huo,” alisema. “Chukua.”

Siku ya usaili, meneja alimpa kalamu, akamwonyesha ubao. “Tubunie mfumo wa kupokea simu za wateja wetu.”

Nusura acheke. Alichora bila kusita: maswali yote, hasira zote, maneno yote ya kutuliza, kila moja mahali pake. Meneja alisogeza kiti mbele.

“Utahitaji wahudumu wangapi?”

Kijana aliona kazi ile pale, karibu kuishika. “Hata mmoja. Mashine itajibu yenyewe.”

Akaajiriwa. Dada alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

“Na hiyo mashine mnayotengeneza itatusaidia nini sisi wa chini?” alimuuliza baadaye.

“Itakupumzisha koo, dada.”

Mfumo ulipokuwa tayari, meneja alimsindikiza kijana hadi kwenye mlango wa ukumbi. “Wamo humu, wanakusubiri. Waambie leo ndiyo siku yao ya mwisho kazini. Wewe unajua kuongea na watu.”

Alisukuma mlango. Wapokea simu wote walisimama wakampigia makofi, na aliyeanzisha alikuwa dada yake.