Sinia Moja

Sheria ilitaka wagonjwa wa kisukari wenye unene wapangiwe mlo na kliniki, na mke na mume wanaougua wote wapewe milo tofauti, kila mmoja ale peke yake, ili walinganishwe. Kwa miaka mitatu Bi Zamzam alikula samaki na mboga sebuleni. Mumewe, Mzee Kombo, alikula wali wake wa kupimwa chumbani.

Asubuhi moja muuguzi akaja. "Mlo wa mama ndio ulioshusha sukari. Kuanzia leo mtakula pamoja."

"Na mguu wangu uliokatwa?" akauliza Mzee Kombo.

"Umetusaidia sana kulinganisha, baba."

Muuguzi alipoondoka, Bi Zamzam akapakua samaki kwenye sinia moja. Mumewe akamega, akatafuna taratibu.

"Kumbe ulikuwa unakula vitamu hivi?"

"Sijui," akajibu mkewe. "Nimeacha kuonja siku nyingi."

Wakaendelea kula, kila mmoja akitazama ukuta wa upande wake, kama alivyozoea.