Kiboko na Mtangulizi Wake

Kwa desturi ya wanyama wa bondeni, mwimbaji mkuu ndiye humchagua wa kumtangulia jukwaani. Kiboko alisifika kwa sauti nene, lakini aliogopa sana kupitwa.

"Mkubwa, nimpange Chiriku akutangulie?" aliuliza Kasuku, mwandalizi wa ngoma.

"Chiriku hapana. Niletee Nyenje."

"Nyenje! Si watamzomea huyo?"

"Wewe mlete tu. Wakishamchoka yeye, watanililia mimi."

Siku ya ngoma Nyenje alipanda, akaimba kwa kisauti chake chembamba. Ili wamsikie, wasikilizaji walinyamazishana, na kadiri walivyonyamaza ndivyo wimbo ulivyowaingia. Watoto wakalala migongoni mwa mama zao.

Kiboko akaingia kwa kishindo, akanguruma. Watoto wote wakaamka wakilia.

"Shusha sauti, bwana wee!" alifoka Mama Ngedere. "Unatuamshia watoto!"

"Mrudishe Nyenje!" wengine wakadakia.

Kiboko akashuka. Nyuma ya jukwaa Nyenje alikuwa akimsubiri.

"Shikamoo, kaka. Nimengoja nikushukuru. Wakubwa wote walinikataa. Wewe peke yako ulijua kwamba naweza."

Kiboko aligeuka upesi. Akaenda moja kwa moja mtoni, akazama.

Tangu hapo hushinda majini, ametoa pua tu. Ukimkuta, usimuulize anamkwepa nani.