Hakuna Kilichopatikana

Kompyuta ilijibu kama ilivyojibu wiki zote zilizopita: *Hakuna kilichopatikana.*

"Alhamdulillahi," alisema Bi Thuwaiba. Akashusha pumzi, akavua miwani.

Rawiya, mkutubi wa pale, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Subira ya shangazi yake ilimshangaza. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne za asubuhi, bibi yule alitoka kwake Mtoni akaja mpaka maktabani Mji Mkongwe, akaketi mbele ya kompyuta ya wasomaji, akaandika kwa kidole kimoja jina la mdogo wake: Mazin bin Mundhir.

Mazin alikuwa babake Rawiya. Mwaka 1972 watu wa usalama walimchukua, na tangu hapo hakuonekana hai wala maiti. Mkewe alikuwa keshafariki kwa uzazi. Mtoto wa miezi tisa akabaki mikononi mwa Bi Thuwaiba, mwanamke aliyekwisha kuachwa na waume wawili kwa kutojaaliwa kizazi. Bi Thuwaiba akamlea Rawiya, akamsomesha, hakutaka mume mwingine.

Ndiyo maana maboksi kumi na mawili yalipoletwa maktabani, yamejaa barua za ofisi moja ya usalama iliyofungwa zamani, Rawiya aliyapokea kama mtu anayepokea jeneza. Maktaba haikuwa na uwezo wa kununua programu. Akachukua ile ya bure, waliyoitengeneza watu wa nchi mbalimbali wakaiacha wazi, kila mwenye kutaka aitumie na aigeuze apendavyo. Maneno yake yote akayatia Kiswahili mwenyewe. Mjaka, mwenzake wa kazini, alizipiga barua picha moja moja na kuandika majina yaliyomo, programu ikayapanga. Mtu akiandika jina, maboksi yote yanapekuliwa kwa mpigo mmoja.

"Yamebaki mangapi?" Bi Thuwaiba aliuliza, akikunja miwani.

"Limebaki moja tu, shangazi. Mjaka analimaliza kesho."

"Na hilo nalo mtalitia?"

"Lazima tulitie. Pengine baba yumo humo."

Bi Thuwaiba aliitazama skrini. "Na kitu kikishaingia humu, mwanangu, kinatoka?"

Rawiya alimfahamu, au alidhani amemfahamu. Watu wa umri ule walikwishaona karatasi nyingi zikipotea. Akamshika bega.

"Usiwe na hofu. Hata mtu akikifuta hapa, nakala zipo kwa wenzetu nje ya nchi. Hakipotei tena."

Bi Thuwaiba aliinuka kitini. Siku ile aliondoka bila kuaga.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, wala haikuwa siku yake, lakini saa tatu tu alikwishafika, buibui limemkaa upande.

"Shikamoo, shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Nnaumwa. Nipeleke nyumbani."

"Kaa kidogo unywe maji. Mjaka anamalizia, kisha tutaondoka pamoja."

"Umeme hautakatika leo?"

"Leo upo, shangazi. Inshallah hautakatika."

Bi Thuwaiba alikaa. Glasi ya maji aliishika kwa mikono miwili, asiinywe. Chumba cha pili skana ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha ikanyamaza moja kwa moja.

Mjaka akatokea mlangoni. Alikuwa kijana wa maneno mengi, wa kumtania kila mtu, lakini sasa alitazama sakafu.

"Boksi nshalimaliza, Bi Rawiya. Nshalitia."

"Kuna jina?"

"Tazama mwenyewe," alisema. Akamtupia Bi Thuwaiba jicho moja, akatoka nje bila hata kuchukua kofia yake.

Rawiya aliivuta kibodi. Aliandika kwa haraka hata akalikosea jina la babake, akalifuta, akaanza upya. Akabonyeza.

*Waraka mmoja umepatikana.*

Miaka thelathini na sita, na sasa mstari mmoja wa buluu: *Barua, ukurasa mmoja, Machi 1972.*

"Shangazi! Njoo uone! Yumo!"

Bi Thuwaiba alikwishasimama nyuma yake. Mkono wake ulitua juu ya bega la Rawiya, baridi kama maji ya kisima.

"Usiifungue."

"Kwa nini?"

"Yaliyopita muachie Mungu. Mimi nshasamehe, na wewe samehe. Twende zetu nyumbani, mwanangu."

"Siku zote hizi unakuja kumtafuta, shangazi. Leo amepatikana, unataka tuondoke?"

Vidole vilimbana bega. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Rawiya aliusikia mkono ule ukimuumiza.

"Rawiya. Mimi ndiye mamako. Nakwambia usiifungue."

"Ni babangu," alisema Rawiya, akabonyeza.

Intaneti ilikuwa nzito. Barua ilijichora kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino.

*Kwa Mheshimiwa. Nawaarifu kuwa Mazin bin Mundhir, wa Mtoni, amejiandaa kutoroka Jumatano hii kwa chombo, na bintiye. Mkimtaka, mngojeni pwani, nyuma ya magofu.*

Kikafuata kipande cheupe. Mkono ukaondoka begani. Halafu mistari miwili ya mwisho ikatokea.

*Mtoto msimguse. Nitamlea mimi.*

*Dada yake, Thuwaiba.*