Mstari wa Ngiri

Palikuwa na bonde ambalo wanyama wake walimchagua mlinzi wa kisima kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Digidigi, mama wa wana wachanga, alimtaka Nungunungu, kwa kuwa aligawa maji bila upendeleo. Ngiri yeye aliyaoga na kuyavuruga.

Lakini kila kichaka alichopita Digidigi kiliimba, "Ngiri ndiye, Ngiri ndiye." Digidigi akajiona mjinga wa peke yake. Siku ya kura akajipanga nyuma ya Ngiri.

"Mzee Pofu," alimnong'oneza swala mkubwa aliyekuwa mbele yake, "Ngiri umempendea nini?"

"Mimi? Simpendi hata kidogo, mama. Ila nasikia nyote mnamtaka."

"Nani kakwambia?"

Pofu akaelekeza pembe kichakani. Digidigi akaenda kuchungulia, akamkuta Kasuku akitafuna karanga alizopewa na Ngiri.

"Kwa nini Ngiri, ndugu yangu?"

"Ngiri ndiye."

"Na maji ya wanangu?"

"Ngiri ndiye."

"Kisima chenyewe unakijua kiliko?"

"Ngiri ndiye."

Kichaka cha pili kilikuwa na Kasuku mwingine, na cha tatu vilevile. Digidigi akarudi mbio mstarini, akawaeleza wenzake. Kumbe hakuna hata mmoja aliyemtaka Ngiri. Wakaguna, wakatikisa vichwa, kila mmoja akingoja mwenzake atoke kwanza. Digidigi naye aliinua mguu, akaurudisha, asijue anamwogopa nani. Wakahesabiwa wakiwa bado wanatazamana.