Aliyeusifu Mvinyo

Asubuhi ile binti aliuliza ni nani aliyefunga mapazia. Mapazia yalikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Baba yake akamwambia aache utani, mtu mzima hachezi hivyo. Kufika adhuhuri alikuwa akimtambua baba kwa kumpapasa uso. Kabla ya magharibi pumzi zikakatika, na nyumba ya watu wawili ikabaki na mmoja.

Daktari alisema ni spiriti ya viwandani, na kwamba ilikuwa ndani ya mvinyo aliounywa jana yake.

Jumapili baada ya mazishi, baba alikwenda kwenye kiwanda kilichotengeneza mvinyo ule. Wafanyakazi walikuwa makwao. Mwenye kiwanda alikuwa peke yake ghalani, akikagua mapipa, tumbo mbele, mluzi mdomoni. Akadhani amepata mteja. Akamkaribisha vizuri, akamwambia siku ya mapumziko haimzuii mgeni kuonja.

Baba akachukua nyundo ya mbao, ile ya kugongea vizibo vya mapipa. Pigo la kwanza lilivunja goti. La pili lilimpata mdomoni alipotaka kupiga kelele.

Alipozinduka alikuwa kwenye kiti, amefungwa kwa mpira wa maji, jino limenasa kwenye shati kama kifungo kilicholegea.

"Mzee wangu," alisema, damu ikimchirizika kidevuni, "hata mteja mwenye malalamiko huanza na salamu."

Baba hakucheka. Juu ya pipa aliweka chupa iliyobaki nusu, aliyoitoa kwenye friji ya nyumbani. Akasema amekuja kwa jambo moja tu: kujua ni nani aliyemuua mwanawe. Bila hilo hatoki mtu.

Mwenye kiwanda akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba mvinyo wake ni safi kama maziwa. Baba akajaza bilauri ya kuonjea yenye mguu mwembamba, akaishika kwenye mguu huo kwa vidole viwili, akamsogezea.

"Kama ni maziwa, kunywa."

Yule akageuza uso. Baba akateremsha nyundo kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Kufika cha tatu, maneno yakamwagika. Zabibu za mwaka huu zilinyeshewa mno, mvinyo ukatoka mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Akauongezea spiriti ya kusafishia rangi, kidogo tu, ya kuuchangamsha. Alidhani watu wataumwa kichwa basi.

"Lakini mimi sikumshika mtu mkono nikamnywesha," alisema. "Ulimi ndiye aliyewaambia wanywe. Yule wa gazetini."

Ulimi alijulikana na kila mtu kwa jina, na sura yake haikujulikana. Kila Ijumaa, katika safu yake, aliwachagulia watu cha kunywa. Binti alikuwa akiikata safu ile na kuibandika kwenye friji, wiki baada ya wiki, kama cheti cha mtoto aliyefaulu. Ya mwisho ilikuwa bado pale. Baba aliisema kwa moyo.

"'Joto likikukausha mate, tafuta mweupe huu, uuweke kwenye baridi. Una harufu ya ndimu na tofaa bichi. Unateremka kooni bila kubisha hodi.'"

"Ndiyo hayo," mwenye kiwanda akadakia. "Nilimpelekea chupa ya pipa hilihili, akaisifu. Huyo ndiye muuaji wako. Tena muulize, mbona yeye hakufa?"

"Waonjaji hawamezi," baba alisema. "Huuzungusha mdomoni, hutema, halafu huandika."

"Basi umeona. Kuwanywesha watu kitu ambacho mwenyewe hakukimeza. Kamtafute yeye."

Nyundo ikatulia hewani. Baba akakubali kwamba hilo ni kweli, Ulimi naye ana sehemu yake katika damu ile. Mwenye kiwanda akashusha pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Hapo baba akambana pua, akampinda shingo nyuma, akammiminia bilauri nzima. Taya lililopigwa likalia kama kuni kavu. Alilishikilia hadi koo lilipopanda na kushuka, kisha akajaza tena, akamnywesha tena. Yule mtu akapaliwa, akajikojolea, akamwita mama yake.

Chupani ilibaki ya kutosha bilauri moja. Baba akaimimina. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akainusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Akajaza kinywa.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika gazetini, Ulimi hakutema.