Aya ya Baba

Fundi wa kujalidi vitabu alibandika ukurasa mpya kwenye kitabu kitakatifu cha bibi kipofu, akaukandamiza kwa kiganja mpaka gundi ikashika. Ule wa zamani ulikuwa umelika kwa kushikwashikwa, ikabidi atoe mwingine kwenye nakala yake mwenyewe.

"Nisomee, nisikie kama ndio wenyewe," bibi alisema. "Baba alinisomea huo kila jioni nilipokuwa mdogo. Ninao wote kichwani."

Fundi akasoma. Bibi alimfuatisha kwa midomo, aya kwa aya, bila kukosea. Ukurasa ukaisha, fundi akanyamaza.

Bibi hakunyamaza. "Na mtoto anayeogopa giza na alale," aliendelea, "kwa maana mlango umefungwa, na baba yake yupo."

Fundi aligeuza ukurasa, akaurudisha. Hakuna aya hiyo. Akamtazama bibi, aliyekuwa anatabasamu kama mtoto aliyekwisha kufunikwa shuka.

"Mbona kimya, mjukuu wangu? Usiniambie umenibandikia ukurasa wenye kasoro!"

"Harufu ya gundi tu, bibi, imenikaba koo."

"Basi soma mpaka mwisho. Neno la Mungu halikatishwi njiani."

Fundi akaisoma aya ile kama alivyoisikia, pamoja na mlango wake na baba yake.

"Niwekee kidole hapo."

Alikishika kile kidole chembamba, akakishusha hadi chini ya mstari wa mwisho, akakilaza kwenye weupe wa karatasi.

"Hapa hapa, bibi."