Saa Moja kwa Ajili ya Lorelle

Lorelle alinyata hadi jikoni, rola za nywele kichwani, gauni lake la harusi bado limetundikwa mlangoni. Baba yake alikuwa bafuni akiimba. Saa yake ya mkononi ilikuwa juu ya rafu, kando ya kopo la biskuti. Lorelle aliichukua, akaisogeza mbele saa nzima, akairudisha mahali pake.

"Nisamehe, Baba," alinong'ona.

Angefanyaje? Kanisa lilikuwa Tweed Heads, ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la New South Wales, ambako kila kiangazi watu husogeza saa mbele kwa saa moja. Shamba lao la ndizi lilikuwa jimbo jirani la Queensland, ambako walijaribu jambo hilo mwaka mmoja, wakaliacha. Ndoa ilikuwa saa nane mchana kwa saa za kule. Mchungaji alikuwa na ndoa nyingine saa tisa, na alikwisha kuonya: atakayechelewa atangoja mpaka Mwaka Mpya upite.

Na baba yake, Mervyn, hakuwa mtu wa kusogeza saa.

"Ndizi zangu hazijui mambo ya serikali," alikuwa akisema. "Jua likifika utosini ni saa sita. Wao wakisema ni saa saba, shauri yao na Mungu wao."

Mkewe, Olwyn, aliupenda mtindo wa ng'ambo. "Watu wanatoka kazini jua bado lipo, wanakwenda kuogelea na watoto wao. Kuna dhambi gani hapo?"

"Na mapazia je?" jirani yao Thelma alidakia. "Saa nzima ya jua zaidi kila siku! Si yatapauka yote?"

"Thelma, jua haliongezwi. Ni lilelile."

"Kayaambie mapazia."

Mwaka uliopita Mervyn alikwenda upande wa pili kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji yake, akawakuta wanaosha sahani. Hakuomba radhi. "Mimi nimefika kwa wakati," alisema. "Nyinyi ndio mmekula mapema." Nyumbani kwake hapakuwa na saa nyingine ila hiyo ya mkononi. Nyumba yenye saa mbili, alisema, ina wakubwa wawili.

Wiki nzima Lorelle alimsihi.

"Baba, siku moja tu."

"Nitakufikisha, mwanangu."

"Kwa saa ya nani?"

Mervyn alikunja gazeti lake, akatoka kwenda kutazama migomba.

Lakini hakuwa baba mbaya. Aliosha lori la ndizi kwa mikono yake mwenyewe, akatandika shuka safi kwenye kiti ili gauni la binti yake lisishike utomvu. Hakuna aliyemwomba.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na jua halikuonekana hata kidogo. Olwyn alimtuma Lorelle akachume maua barazani, akabaki jikoni peke yake kitambo kidogo. Kisha Mervyn alitoka bafuni, akamwomba Olwyn akamtafutie tai, naye akabaki jikoni peke yake. Tai ilikuwa mfukoni mwake.

Baada ya hapo ikawa mbio tupu.

"Ee! Muda umekwendaje?" alilia Olwyn. Alivalia viatu vyake ndani ya lori. Chai waliiacha mezani. Rola mbili za kisogoni mwa Lorelle hazikutoka, ikabidi shela izifunike.

"Tutawahi," alisema Mervyn, akikanyaga mafuta. Hakuitazama saa yake hata mara moja, kama mtu anayeionea haya.

Nje ya kanisa lilisimama gari jeusi, refu, limejaa maua.

"Wakwe zako wana uwezo," Mervyn alimwambia binti yake. "Tazama gari lile."

"Mbona simwoni Thelma? Wageni wetu wako wapi?" aliuliza Olwyn.

"Wamechelewa. Na maneno yao yote yale!"

Mzee mmoja mwenye suti nyeusi aliwapokea ukumbini na kumshika Mervyn mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, ndugu yangu," alisema.

"Ah, mvua tu hii," alijibu Mervyn. "Tumeizoea."

Mzee akaenda kuwafungulia mlango. Mervyn alimgeukia binti yake. Alikohoa. Akamfuta tone la mvua shavuni.

"Lorelle, nina neno. Leo asubuhi niliisogeza saa yangu mbele. Kwa ajili yako tu. Jumatatu inarudi mahali pake, na usimwambie Thelma."

Lorelle aliukamata mkono wake. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni.

Olwyn, aliyekuwa ameshika pindo la gauni, aliliachia. "Umeisogeza? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Mervyn, ngoja kidogo. Maana hata mimi—"

Mlango ukafunguka. Kinanda kikaanza, polepole, na kanisa zima likasimama. Mervyn aliinua kichwa, akaukaza mkono wa binti yake kwapani mwake, wakaingia. Lorelle alilia njia nzima bila kujificha, na watu wa pande zote mbili walikuwa wakilia pia, jambo ambalo Mervyn aliliona ni la upendo sana kwa watu wasiowajua.

Walipofika karibu na madhabahu, alisimama ghafla. Mahali alipopaswa kuwa bwana harusi, Graeme, palikuwa na jeneza.

Mama mmoja mwenye nguo nyeusi, kwenye benchi la mbele, aligeuka. Alimtazama Lorelle, shela na machozi, juu hadi chini. Kisha akaligeukia jeneza.

"Clarence," alisema, "na huyu naye ni nani?"